Mgongo wako haujapinda, usitishwe!

Kuna maneno matatu yanayouzwa mjini siku hizi kwa bei mbaya kuliko sindano: "Mgongo wako umepinda." Ukishaambiwa hivyo, umekwisha. Utaanza kujitazama kwenye kioo, bega la kushoto na bega la kulia. Utahesabu miaka uliyokaa mbele ya kompyuta. Utaikumbuka hata ile siku ulipoanguka na baiskeli ukiwa darasa la nne. Na kabla jua halijazama utakuwa umeshalipia "vikao" vya kunyooshwa. Maneno hayo yako kwenye mabango, yako Instagram na TikTok, yako redioni kwenye vile vipindi vya afya vya asubuhi ambavyo ukivisikiliza vizuri unagundua kumbe ni tangazo la biashara lililovaa koti jeupe.

Leo nasema wazi, na atakayenuna anune. Kwa wengi wetu tunaoumwa mgongo, mgongo haujapinda, pingili hazijahama, na hakuna kitu kinachohitaji kurudishwa mahali pake. Tunachouziwa ni hofu. Hofu hiyo inakula fedha zetu, inatufanya tuiogope miili yetu wenyewe, na mbaya zaidi, inatuzuia kuyaona mambo mawili yanayovunja kweli migongo ya watu katika nchi zetu. Nitayafikia hayo mawili, nivumilieni.

Kabla sijarushiwa mawe, niseme hili: maumivu ya mgongo ni ya kweli. Simkebehi mtu anayeamka asubuhi ameshika kiuno, wala sisemi anajifanya. Makadirio ya kimataifa yaliyochapishwa mwaka 2023 yalisema kwamba mwaka 2020 watu wapatao milioni 619 duniani walikuwa wakiumwa sehemu ya chini ya mgongo, na hakuna tatizo jingine linalowafanya watu wengi zaidi duniani waishi na ulemavu wa muda au wa kudumu. Kwa hiyo ugomvi wangu si na mgonjwa. Ugomvi wangu ni na hadithi anayosimuliwa mgonjwa.

Hadithi yenyewe ilianzia wapi? Wengi wanaoitumia hapa kwetu hawajui, au wanajua na wananyamaza. Ilianzia mji wa Davenport, jimbo la Iowa, Marekani, mwaka 1895. Kulikuwa na bwana mmoja akiitwa Daniel David Palmer, mzaliwa wa Kanada. Huyu hakuwa daktari. Aliwahi kufuga nyuki, aliwahi kuwa na duka la vyakula, kisha akawa mganga aliyedai kuponya watu kwa nguvu za sumaku zinazotoka mikononi mwake. Mwezi Septemba mwaka huo alimsukuma mgongoni Harvey Lillard, mfanya usafi wa jengo alimokuwa na ofisi, ambaye alikuwa kiziwi. Palmer akatangaza kwamba Lillard amesikia. Kuanzia hapo ikazaliwa kairopraktiki, na mwaka 1897 Palmer akaanzisha shule ya kufundisha kazi hiyo.

Sasa ngoja. Mshipa wa fahamu unaobeba sauti unatoka kwenye sikio la ndani na kuingia moja kwa moja kwenye ubongo. Haupiti mgongoni hata kidogo. Mwanafunzi wa baiolojia wa kidato cha nne anaweza kukuchorea. Lakini Palmer hakuishia kwenye masikio. Alifundisha kwamba asilimia 95 ya magonjwa yote husababishwa na pingili za uti wa mgongo zilizohama kidogo na kuibana mishipa ya fahamu. Hali hiyo wafuasi wake wakaiita sabluksesheni. Magonjwa yote! Homa, pumu, tumbo, moyo. Ukiziweka pingili sawa, mwili unajiponya.

Mtu atasema, acha mambo ya 1895, hata madaktari wa zama hizo walikuwa wakifanya vituko. Ni kweli kabisa. Tofauti ni kwamba vituko vingi vya madaktari wa zama hizo vimeshazikwa. Hiki cha pingili zilizohama bado kinatembea, kimevaa suti na kimepakua programu ya simu. Na wala si mimi ninayekipinga peke yangu. Mwaka 2010 Baraza Kuu la Kairopraktiki la Uingereza, yaani chombo chenyewe kinachosajili na kusimamia wanataaluma hiyo kule, lilitoa mwongozo likisema kuwa dhana ya sabluksesheni ni ya kihistoria, na kwamba hakuna ushahidi wa utafiti wa kitabibu unaomruhusu mtu kudai kuwa ndiyo chanzo cha maradhi. Wapo wanakairopraktiki wengi wa leo Ulaya na Marekani ambao hawataki hata kulisikia neno hilo. Ajabu ni kwamba bidhaa ambayo wenyewe wanaanza kuionea aibu, huku kwetu inaingia kama mzigo mpya.

Kwa sisi tunaokula kwa kalamu, kuna kisa kinachotuhusu hasa. Mwaka 2008 mwandishi wa sayansi wa Uingereza, Simon Singh, aliandika kwenye gazeti la The Guardian akikikosoa chama cha wanakairopraktiki wa nchi hiyo kwa kuunga mkono madai kwamba kumsukuma mtoto mgongo kunaweza kutibu pumu, maambukizi ya masikio na kichanga kulialia. Chama hicho kikaenda mahakamani. Tena hakikulishitaki gazeti, kilimshitaki yeye binafsi kwa kashfa! Raundi ya kwanza, mwaka 2009, hakimu alitafsiri maneno yake kwa namna iliyombana. Singh hakuomba radhi. Aprili 2010 Mahakama ya Rufaa ikasema kwamba maneno yake yalikuwa maoni aliyostahili kuyatoa, na wiki mbili baadaye chama kikaifuta kesi. Wakati huohuo wananchi walikuwa wamepeleka mamia ya malalamiko dhidi ya wanakairopraktiki waliokuwa wakitangaza madai kama yale kwenye tovuti zao. Kesi hiyo ni moja ya sababu zilizosukuma Uingereza kubadili sheria yake ya kashfa mwaka 2013.

Nakitaja kisa hiki kwa sababu moja. Singh aliuliza swali ambalo kila mwandishi wa afya anapaswa kuliuliza: ushahidi uko wapi? Je, kwenye magazeti yetu nani analiuliza? Ukurasa wa afya wa wiki utakuta makala ya "madhara ya kukaa vibaya", yenye picha ya mifupa iliyotiwa rangi nyekundu, na mwisho namba ya simu ya kliniki. Hiyo ni habari au ni tangazo? Kama ni tangazo, kwa nini halikuandikwa neno TANGAZO juu yake?

Sasa niwe mkweli kwa upande wa pili, maana polemiki isiyotenda haki ni majungu. Kwanza, madaktari nao si malaika katika ugomvi huu. Chama cha Madaktari cha Marekani kiliwasusia wanakairopraktiki kwa miaka mingi, mpaka mwaka 1987 jaji wa shirikisho akaamua kwamba kususia huko kulivunja sheria za ushindani wa biashara. Pili, kusukumwa na kukandwa mgongo si ushirikina. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo kuhusu watu wazima wenye maumivu ya muda mrefu ya kiuno. Katika mambo lililoyaona yanaweza kusaidia yamo mazoezi, elimu kwa mgonjwa, kukandwa, tiba ya kisaikolojia, na ndiyo, hata tiba ya kusukuma pingili kwa mikono. Tafiti zilizokusanywa zinaonyesha nafuu yake ni ya wastani, inakaribiana na ile ya tiba nyingine zinazopendekezwa kama mazoezi.

Kwa hiyo bibi yako anayekukanda kwa mafuta ya nazi, mtaalamu wa fiziotherapia na mwanakairopraktiki mwenye akili zake wote wanaweza kukupa nafuu. Sina neno na mikono yao. Neno langu ni pale mkono unapofuatwa na mdomo unaosema, "Nimeurudisha uti wako mahali pake, lakini utahama tena usipokuja Alhamisi." Hapo umeacha kutibiwa, umeanza kufugwa.

Mwaka jana nilikwenda kwenye moja ya hizi siku za "upimaji wa mgongo bure". Jina la kliniki silitaji. Sikuwa na maumivu yoyote, nilikwenda kama mwandishi na nikasema hivyo mlangoni. Kijana mmoja mpole, mwenye tabasamu, akanisimamisha mbele ya ukuta, akanipiga picha kwa simu, kisha programu ikachora mistari myekundu juu ya picha yangu. Bega la kulia limeshuka. Nyonga imeinama. Kichwa kimetangulia mbele. "Kaka, una bahati umekuja mapema," akaniambia, kwa sauti ya mtu anayetoa pole ya msiba. Tiba yake? Vikao 24. Nikamuuliza kama kuna mtu yeyote aliyepimwa asubuhi ile akakutwa yuko sawa. Akacheka tu.

Asingeweza kumpata, na hiyo ndiyo siri ya biashara. Hakuna binadamu aliyenyooka kama rula. Anayetumia mkono wa kulia mara nyingi bega lake la kulia limeshuka kidogo. Miguu ya wengi wetu haifanani urefu kwa tofauti ndogo. Moyo wenyewe umekaa upande. Ukichora mstari mwekundu juu ya picha ya mtu yeyote, hata ya mwanariadha wa Olimpiki, utapata cha kumtishia.

Na wakikupeleka kwenye picha za ndani, mambo ni yaleyale. Mwaka 2015 watafiti walikusanya tafiti 33 zenye watu 3,110 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo, wakatazama picha zao za migongo. Wakakuta kwamba miongoni mwa wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 tayari walikuwa na diski zilizochakaa na asilimia 30 walikuwa na diski zilizotokeza. Kufikia umri wa miaka 80 diski zilizochakaa zilikuwa kwa asilimia 96. Narudia: hawa ni watu wazima kabisa, hawaumwi. Uchakavu wa diski ni kama mvi. Sasa mtu wa miaka 27 anaumwa kiuno wiki mbili, anapigwa picha, anaambiwa "diski zako zimelika", anaacha mpira, anaacha kumbeba mwanawe, anaanza kuinama kama anabeba mayai. Maumivu ambayo yangeisha yenyewe yanakuwa mkazi wa kudumu. Mwaka 2018 jarida la kitabibu la The Lancet lilitoa mfululizo mzima wa makala likilalamikia jambo hilihili: picha nyingi zisizohitajika, dawa kali, upasuaji wa haraka na mapumziko ya kitandani, huku mambo rahisi yanayosaidia yakiachwa.

"Lakini simu je? Shingo zetu si zinaharibika?" Najua mtauliza. Ule mchoro maarufu unaosambazwa WhatsApp, eti ukiinamisha kichwa kwa nyuzi 60 shingo inabeba kilo 27, ulitokana na hesabu za modeli ya kompyuta za daktari mmoja wa upasuaji wa New York, Kenneth Hansraj, mwaka 2014. Hakupima watu wanaoumwa na wasioumwa. Waliopima watu ni watafiti wa Brazil, na mwaka 2018 walichapisha matokeo ya vijana 150 wa umri wa miaka 18 hadi 21: hawakuona uhusiano kati ya namna vijana hao walivyoinamia simu na maumivu ya shingo. Shingo iliumbwa kuinama. Ukikaa saa nne bila kujitikisa utaumwa, hata kama umekaa wima kama askari wa gwaride. Mkao mbaya kuliko yote ni ule usioubadilisha.

Kuna na hili la mlio. Video zinazopendwa mtandaoni ni zile za mtu anavutwa shingo, "kwaa!", halafu anatabasamu. Watu wanaamini ule mlio ni mfupa unarudi mahali pake. Siyo. Ni uwazi wa gesi unaotokea ndani ya majimaji ya kiungo pale kinapovutwa ghafla. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walilipiga picha tukio hilo kwa MRI kwenye vidole. Hakuna kilichohama, hakuna kilichorudi.

Kwenye vidole ni mchezo tu. Kwenye shingo si mchezo. Ndani ya shingo zinapita ateri zinazopeleka damu kwenye ubongo, na mzunguko wa ghafla unaweza kuchana ukuta wa ateri, damu ikaganda, mtu akapata kiharusi. Ni jambo la nadra, sitaki kuwatisha kama wanavyotutisha wao. Lakini lipo: mwaka 2016 ofisi ya uchunguzi wa vifo ya Los Angeles ilitamka kwamba mwanamitindo mmoja wa miaka 34 alifariki kwa kiharusi kilichotokana na kuvutwa shingo kwenye kliniki ya aina hiyo. Sasa fikiria vinyozi wetu, ambao wakimaliza kukunyoa wanakushika kidevu na kisogo na kuizungusha shingo kabla hujasema lolote. Wadau, jifunzeni kusema, "Hapana kaka, shingo niachie." Utaondoka ukiwa umenyolewa vilevile.

Sasa nije kwenye yale mambo mawili niliyoahidi.

La kwanza ni mzigo. Wauzaji wa mkao mzuri duniani wana picha wanayoipenda sana: mwanamke wa Kiafrika ana ndoo kichwani, shingo imenyooka, anatembea kama malkia. "Waafrika hawaumwi migongo," wanasema. Ukweli ni upi? Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti, mmoja wa waandishi wake akiwa Profesa Maloiy wa Nairobi, ulioonyesha kwamba wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu nchini Kenya waliweza kubeba mzigo wa mpaka asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nguvu ya ziada. Ni jambo la kujivunia. Lakini utafiti ule ulipima pumzi na nguvu zilizotumika. Haukupima maumivu. Watafiti waliokwenda Limpopo, Afrika Kusini, na kuandika mwaka 2010 kuhusu wanaochota maji, walikuta malalamiko ya shingo na mgongo. Mama anayepanda kilima na ndoo ya lita 20 mara nne kwa siku hahitaji pongezi za mkao wake. Anahitaji bomba.

Nenda Kariakoo, nenda soko lolote la jumla, watazame makuli wanaoshusha magunia. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilipitisha mwaka 1967 mkataba namba 127 kuhusu uzito wa juu ambao mfanyakazi mmoja anaweza kubebeshwa, na pendekezo lililoambatana nao lilitaja kilo 55 kwa mwanamume mzima. Hapa kwetu tunapambana na lumbesa, yaani gunia lililoshindiliwa mpaka likafungwa kofia juu. Wakala wa Vipimo wamepiga kelele kuhusu lumbesa miaka nenda miaka rudi, na kikomo wanachokitaja ni kilo 100. Mia moja! Kisa cha kelele zenyewe ni mkulima asipunjwe bei, jambo ambalo ni jema. Lakini yule anayelitia gunia mgongoni, nani anamzungumzia? Wenzetu Kenya, kwenye kanuni zao za viazi za mwaka 2019, waliandika kilo 50 kwa mfuko. Utekelezaji una vurugu zake, lakini angalau namba iliyoandikwa ni namba ambayo mgongo wa binadamu unaweza kuielewa.

Tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Tunayo sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya mwaka 2008 iliyozaa Mfuko wa Fidia. Ni vyombo vizuri. Ila kuli anayelipwa kwa gunia, leo kwa tajiri huyu, kesho kwa yule, mwajiri wake ni nani? Nani anamchangia kwenye mfuko? Akiteguka kiuno saa nne asubuhi, saa tano nafasi yake imeshachukuliwa na mwenzake. Huyo hakuna kliniki inayomwita kwenye upimaji wa bure, kwa sababu hana fedha ya vikao 24.

Na sisi wa maofisini tusijione tuko mbali naye. Mwajiri anakukalisha saa kumi kwenye kiti cha plastiki, unakula chakula cha mchana ukiwa hapohapo unachapa, halafu anawaletea "mtaalamu" wa nusu saa kuwafundisha kukaa wima. Ujanja huo! Tatizo la ratiba ya kazi limegeuzwa kuwa tatizo la tabia yako wewe. Kumbe ulichokuwa unahitaji ni dakika tano za kusimama kila baada ya muda, na ruhusa ya kwenda kula kwa miguu.

Jambo la pili ni zito zaidi, na hapa naomba msomaji aliyekuwa anaruka mistari asome taratibu. Kuna mgongo unaopinda kweli. Kuna skoliosisi, ambayo huonekana zaidi kwa watoto na vijana wanaokua, na inahitaji daktari wa mifupa. Na kuna kifua kikuu cha uti wa mgongo. Daktari wa London, Percivall Pott, alikieleza mwaka 1779. Mgonjwa anaweza asikohoe hata kidogo. Vijidudu vinakula pingili polepole, maumivu hayaishi, pingili zinaporomoka, mgongo unatoa kibyongo, na mwisho miguu inaweza kupooza. Tanzania, Kenya na Uganda zote zilikuwemo kwenye orodha ya WHO ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu kwa miaka ya 2021 hadi 2025. Ugonjwa huu unatibika kwa dawa, na katika vituo vya serikali dawa hizo zinatolewa bure.

Sasa piga picha: binti wa miaka 23 anaumwa mgongo miezi mitatu, usiku anatoka jasho, nguo zimeanza kumpwaya. Anakwenda kwa mtu anayeamini kwamba kila maumivu ni pingili iliyohama. Mtu huyo ana nyundo tu, kwa hiyo anaona misumari tu. Anamsukuma pingili ambayo tayari imeliwa na vijidudu. Kikao cha kwanza, cha tano, cha kumi na mbili. Wiki zinapita wakati dawa ya bure iko kituo cha afya mtaa wa pili. Hapo ndipo hadithi ya Palmer inapoacha kuwa kichekesho cha Wamarekani na kuwa jambo la maisha na kifo kwetu.

Kwa hiyo shikeni haya, na mwambieni na mwenzenu. Maumivu ya mgongo yanayokuja na homa, jasho la usiku au kupungua uzito, nenda hospitali. Yanayokuja baada ya ajali au kuanguka, au kwa mtu aliyewahi kuugua saratani, nenda hospitali. Miguu ikianza kuishiwa nguvu, ukipata ganzi kwenye makalio na sehemu za siri, au ukishindwa kukojoa au kujizuia haja, nenda siku hiyohiyo, usisubiri asubuhi. Hayo si ya mkandaji, si ya kinyozi, si ya mwanakairopraktiki, wala si ya kuombewa peke yake.

Kama huna dalili hizo, basi wewe ni miongoni mwa walio wengi, takriban tisa kati ya kumi, ambao maumivu yao hayatokani na ugonjwa mahususi unaoweza kutajwa. Dawa yako haina mvuto wa kuwekwa TikTok: endelea kujishughulisha, usijilaze kitandani siku nzima, rudi kwenye shughuli zako kidogo kidogo. Tembea. Mwaka 2024 The Lancet lilichapisha utafiti wa Australia wa watu wazima 701 waliokuwa wamepona maumivu ya kiuno. Waliopewa mpango wa kutembea na mafunzo kidogo walikaa siku 208, kwa kipimo cha kati, kabla maumivu hayajarudi. Ambao hawakupewa, siku 112. Kutembea tu! Ile mikanda ya mgongo inayopitishwa na machinga kwenye foleni, mwongozo wa WHO wa 2023 umesema isitumike kama tiba ya kawaida ya maumivu ya muda mrefu. Fedha hiyo nunulia raba.

Na kama ukiamua kwenda kwa mtaalamu, maana ni haki yako, nenda na maswali manne. Umesomea wapi na umesajiliwa na nani? Utajuaje kama ugonjwa wangu si wa kwako, nahitaji kupelekwa hospitali? Ni vikao vingapi kabla ya kukubali kwamba njia yako haijafanya kazi? Utanifundisha nini cha kufanya nyumbani ili nisikuhitaji tena? Mtaalamu wa kweli, awe wa fiziotherapia au hata wa kairopraktiki, ataifurahia siku utakayoacha kumhitaji. Akianza kukuonyesha mistari myekundu na kukuuzia kifurushi cha mwaka, mwage, ondoka zako kwa miguu.

Wahariri wetu nao nawaomba jambo moja dogo. Ukurasa ujao wa afya, badala ya kutuchorea namna ya kukaa, mtumeni mwandishi na mizani sokoni akapime gunia moja tu linaloshushwa na mtu mmoja, kisha aandike kilo zake kwenye kichwa cha habari. Niko tayari kuibeba hiyo mizani.

Nawasilisha.